Mega za chama zinaliwa na nani? Mazungumzo juu ya programu za matangazo kwenye kompyuta

Maneno haya yalisemwa mbele ya mkutano mkuu wa wanamemba na ndugu yetu fundi anayetusaidia kutengeneza mashini za biro. Tunayachapa karibu sawa vile alivyoyasema, pamoja na maswali matatu yaliyoulizwa kisha, juu wanamemba wa vijiji vya mbali ambao hawakuweza kufika waliyaomba.



Kamati imeniomba niseme juu ya kompyuta ya chama, ile wengine wanaita ordinateri. Najua wengi kati yenu hamuigusi hata mara moja kwa mwaka. Lakini ni yenu. Ndani yake muko majina ya jamaa zote zilizorudi, wale wa Nyarugusu na wale wa Lugufu. Muko hesabu ya kotizasio ya kila mwezi na mikopo ambayo haijarudishwa. Muko picha za vyeti vya kuzaliwa vya watoto waliozaliwa Tanzania, na karatasi za viwanja ambavyo watu wanagombania tangu warudi. Muko raporti zote za wafadhili. Mtu akiharibu ile mashini, anaharibu kumbukumbu yetu sisi wote.

Nitaanza na lile neno ambalo wote mmelisikia. Kwa miezi kadhaa mega za biro zilikuwa zinaisha kabla mwezi haujafika nusu. Watu wakaanza kusema pembeni: yule kijana wa biro anaangalia mipira usiku, anakula mega za chama. Hakuna aliyemwambia mbele ya uso. Kwa chama sawa hiki chetu, maneno ya namna hiyo yanaumiza kuliko feza yenyewe, juu mkopo, msaada wa kilio na likelemba, vyote vinasimama juu ya kuaminiana.

Kamati ikaniita niangalie. Windows 10 inaandika yenyewe kila programu imetumia mega ngapi kwa siku 30 zilizopita. Unafungua « Paramètres », kisha « Réseau et Internet », kisha « Utilisation des données ». Tulifungua pale tukiwa wane: Presida, mtunza feza, kijana mwenyewe na mimi. Tukakuta programu moja ambayo hakuna aliyeijua jina, na ilikuwa imekula mega nyingi kupita barua na raporti zetu zote pamoja. Ilikuwa inafanya kazi hata wakati hakuna mtu kwenye kiti, mradi tu mashini inawaka na modemu imechomekwa.

Yule kijana hakula mega za chama. Nalisema hapa mbele ya wote, na ninaomba lichapwe katika gazeti letu sawa vile nilivyolisema.

Sasa, ile iliyokula ni kitu gani? Tuiite programu ya matangazo. Haiko sawa na virusi vya zamani vilivyofuta karatasi zote kwa usiku mmoja. Hii inataka mashini iendelee kuishi, juu inapata feza kupitia mashini hiyo. Kila mara tangazo linapoonekana kwenye kioo chako, ao unapolifinya, kuna mtu mahali fulani analipwa franka kidogo. Kidogo, lakini mara mashini nyingi sana, inakuwa biashara kubwa. Na mega za kuleta tangazo hilo, picha zake na video zake, unazinunua wewe. Yeye anauza, wewe unalipa usafiri wa mzigo.

Biashara hii iko ya zamani. Mwaka 2006 huko Marekani, kampuni moja iliyoitwa Zango, zamani 180solutions, ilikubali kulipa serikali dolari milioni 3 juu ya kuingiza programu za matangazo kwenye kompyuta za watu bila ruhusa ya kweli na kufanya iwe vigumu kuzitoa. Hata kompyuta mpya kabisa inaweza kutoka nayo kiwandani. Lenovo iliuza kompyuta za mkononi tangu mwaka 2014 zikiwa na programu ya matangazo iliyoitwa Superfish. Ile programu ilikuwa inapachika matangazo ndani ya kurasa ambazo watu wanafungua, na ili iweze kufanya hivyo ilivunja ile kufuli inayolinda kurasa za benki na za barua. Jambo likajulikana mwezi wa pili 2015, na Lenovo ikalazimika kutoa dawa ya kuiondoa. Njo maana ninawaambia: programu ya matangazo haiishii kwenye kusumbua macho. Ili ionyeshe matangazo yake, mara nyingi inaharibu ulinzi wa mashini, na wezi wengine wanapita njia hiyo hiyo.

Utaijuaje? Alama zake ziko wazi. Unafungua intaneti, na ukurasa wa kwanza si ule ulioweka. Unatafuta kitu kwa Google, unapelekwa mahali pengine usipopajua. Matangazo yanatokea pembeni ya kioo hata kama haukufungua kitu. Mashini inakuwa nzito, feni inalia, batri inaisha upesi. Na alama ya kwetu sisi: mega zinaisha na hakuna anayejua zimeenda wapi. Ukiona alama mbili ao tatu pamoja, usitafute mtu wa kusingizia. Tafuta programu.

Nakuja sasa kwenye neno lenyewe ambalo nataka mwende nalo nyumbani. Mara nyingi sana, programu ya matangazo haivunji mlango. Inabisha, na mtu wa ndani anaifungulia.

Wale walioishi kambini wanakumbuka siku za kugawa chakula na siku za kujiandikisha. Unawekewa karatasi mbele, unaambiwa: tia kidole hapa. Mzee mwenye akili alikuwa anauliza kwanza: hii karatasi inasema nini? Kwenye kompyuta, kila mara unapofinya « Suivant » ao « J'accepte », umetia kidole. Mashini haijui kama ulisoma ao haukusoma. Na wale wanaotengeneza programu za matangazo wanajua kabisa kwamba watu wanachoka kusoma. Wanaficha ombi lao katikati ya maombi mengine matano yasiyo na ubaya.

Milango ni hii.

Mlango wa kwanza ni programu za bure zinazochukuliwa mahali pasipofaa. Mtu anataka programu ya kuangalia video. Anaandika jina kwa Google, anafinya jibu la kwanza. Lakini lile la kwanza mara nyingi limeandikwa juu « Sponsorisé », maana yake ni tangazo lililolipiwa, na si lazima liwe la wenye programu. Anapata programu aliyoitaka kweli, lakini imefungwa mzigo mmoja na nyingine tatu.

Mlango wa pili ni lile dirisha dogo juu kushoto ambalo linauliza kama ukurasa huu unaruhusiwa kukutumia notifikasio. Kurasa za wezi zinaandika: finya « Autoriser » ili uonyeshe kwamba wewe si roboti. Ni uongo. Ukifinya, kuanzia hapo matangazo yatatokea chini ya kioo chako mchana na usiku, na mengine yatajifanya antivirusi. Hakuna programu iliyoingia. Uliwapa ruhusa tu. Hii ndiyo rahisi kuliko zote kuitoa, na ndiyo inayotisha watu kuliko zote.

Mlango wa tatu ni vile viongezo vidogo vinavyokaa ndani ya Chrome, Edge ao Firefox, vinavyoitwa ekstensio. Kuna vizuri. Lakini kilicho kizuri leo kinaweza kuuzwa kesho. Ekstensio moja ya Chrome, The Great Suspender, ilikuwa na watu zaidi ya milioni 2. Ilikuwa inasaidia kweli, inafanya mashini iwe nyepesi. Mwenyewe akaiuza mwaka 2020, na mwezi wa pili 2021 Google ikaiondoa kwa kusema iko na programu mbaya ndani. Wale watu milioni 2 hawakubadili kitu. Aliyebadilika ni mwenye nyumba.

Mlango wa nne ni masasisho ya uongo. Ukurasa unasema: Flash Player yako imezeeka, finya hapa uifanye mpya. Jueni kwamba Adobe iliacha Flash kabisa tarehe 31/12/2020. Kwa hiyo kila ukurasa unaowaomba mfanye Flash iwe mpya unasema uongo, bila kuuliza zaidi.

Mlango wa tano ni programu za kulipia zilizovunjwa, pamoja na zile funguo za uongo za kufanya Windows na Office zikubali bila kulipa. Nitazirudilia kwenye maswali, juu najua kuna atakayeuliza.

Sasa dawa. Ninawapa hatua kwa utaratibu, ili yule anayekaa kwenye biro azifuate moja moja bila kuruka.

Kwanza, weka kopi ya karatasi zote kwenye diski ya nje ao flashi. Chukua karatasi, picha na hesabu tu. Usichukue programu, juu unaweza kubeba ugonjwa na kuurudisha kisha.

Pili, toa modemu ao funga wifi. Programu hizi zingine zinajirudisha zenyewe kama ziko na intaneti.

Tatu, fungua « Paramètres », kisha « Applications ». Panga orodha kwa tarehe ya kuingizwa. Angalia siku ambayo matatizo yalianza, na programu zote zilizoingia siku hiyo. Ile ambayo hakuna aliyeiomba, finya « Désinstaller ». Lakini pole pole: zile zenye jina la Microsoft, Intel, Realtek ao la kiwanda cha mashini yako, ziache, juu ndizo zinaendesha sauti, wifi na kioo. Na soma maneno yanayotokea wakati wa kutoa. Zingine zinauliza swali kwa kupindua: kifungo kikubwa chenye rangi kinasema « Garder », na kile cha kuitoa kimeandikwa kidogo pembeni, rangi ya majivu.

Nne, fungua Chrome ao Edge, uende kwenye ekstensio. Toa kila kimoja ambacho hauwezi kusema kinafanya kazi gani. Kama ulikuwa unakihitaji, utakirudisha kisha, hakuna hasara.

Tano, kwa Chrome, fungua « Paramètres », « Confidentialité et sécurité », « Paramètres des sites », « Notifications ». Utakuta orodha ya kurasa zilizopewa ruhusa. Zifute zote. Kwa watu wengi matangazo yanakoma hapo hapo.

Sita, katika « Paramètres » ya Chrome tafuta « Réinitialiser les paramètres ». Hii inarudisha ukurasa wa kwanza na mahali pa kutafutia, na inazima ekstensio zote. Haifuti kurasa ulizohifadhi wala maneno ya siri.

Saba, angalia ile picha ndogo ya Chrome kwenye kioo cha mbele. Finya kwa mkono wa kuume, « Propriétés », soma mstari wa « Cible ». Unapaswa kuishia kwenye chrome.exe na alama ya kufunga maneno. Kama nyuma yake kuna anwani ya ukurasa, mtu aliiongeza. Ifute.

Nane, rudisha intaneti, uchukue AdwCleaner kutoka kwa wenyewe, malwarebytes.com, si mahali pengine. Ni ya bure, ni ndogo, haijiingizi ndani ya mashini, na ilitengenezwa juu ya kazi hii tu. Ikimaliza, itaonyesha ilichokuta. Soma orodha, kisha finya karantini. Baada ya hapo, endesha Defender, ile antivirusi ya Windows yenyewe, kwa « Analyse complète ». Hii inachukua masaa, kwa hiyo ifanye siku ambayo sola imechaji vizuri ao grupu inawaka.

Tisa, zima mashini, iwashe, na kwa juma zima angalia kila siku ile orodha ya « Utilisation des données ». Mega ndizo shahidi wetu. Zikikaa sawa, mashini imepona.

Kuna wakati unafanya yote na ugonjwa unarudi. Fungua menyu ya Chrome, uangalie kama chini kabisa kumeandikwa kwamba inaongozwa na shirika lako, kwa Kifaransa « Géré par votre organisation ». Kompyuta yetu haijawekwa chini ya shirika lolote namna hiyo. Kwa hiyo maneno hayo yakitokea kwetu, kuna programu iliyojifanya mkubwa wa mashini, na inakataza tusiiguse. Hapo msipoteze juma zima. Chukua kopi ya karatasi, kisha rudisha Windows upya kabisa kwa « Réinitialiser ce PC ». Na mashini ikiisha kuwa safi, badilisha maneno ya siri ya barua ya chama na ya kila akaunti ya feza, juu ekstensio mbaya inaweza kusoma unachoandika.

Neno moja kabla sijapita. Siku moja kioo kizima kinaweza kuwa chekundu ao bluu, na sauti inalia: mashini yako imekamatwa na virusi, piga namba hii ya Microsoft sasa hivi. Msipige. Microsoft haiweki namba ya simu kwenye maonyo yake. Yule atakayejibu ni mwizi, na ataomba aingie katika mashini kutoka mbali, kisha ataomba alipwe. Ule ni ukurasa tu wa intaneti uliotanuliwa. Finya pamoja Ctrl, Maj na Échap, chagua Chrome, funga. Ukifungua tena na ikauliza kama irudishe kurasa za mwanzo, kataa.

Kusafisha ni kazi ya siku moja. Kubaki safi ni kazi ya kila siku. Ninaomba mkutano ukubali mambo sita.

La kwanza: mashini iwe na akaunti mbili. Moja ya mkubwa, yenye neno la siri, ambalo litajulikana na watu wawili tu waliochaguliwa na kamati. Nyingine ya kawaida, ya kuandika barua na raporti kila siku. Kwenye akaunti ya kawaida, programu ikitaka kuingia ndani ya Windows yenyewe, mashini itaomba neno la siri la mkubwa. Haizuii kila kitu, ekstensio na notifikasio bado zinapita, lakini mlango mkubwa utakuwa umefungwa. Na hakuna kijana atakayesingiziwa tena, juu itajulikana nani aliruhusu nini.

La pili: kuwe daftari. Kila programu inayoingizwa, andika tarehe, jina, imetoka wapi, nani aliiomba. Tunaandika kila franka ya likelemba. Hii nayo inakula franka.

La tatu: programu zichukuliwe kwa wenyewe. VLC ya kuangalia video iko videolan.org. LibreOffice ya kuandika na kupiga hesabu iko libreoffice.org. Zote mbili ni za bure na za halali. Na wakati wa kuingiza chochote, usichague njia ya haraka. Chagua « Personnalisée », usome kila ukurasa, utoe alama kwenye kila kitu ambacho haukukiomba.

La nne: katika « Sécurité Windows », sehemu ya « Contrôle des applications et du navigateur », kuna kifungo cha kuzuia programu zisizotakiwa. Kwenye mashini zingine kinaweza kuwa kimezimwa. Kiwashwe.

La tano: tutumie Firefox pamoja na ekstensio ya uBlock Origin. Inazuia matangazo yasishuke kabisa. Tangazo lisiposhuka, halili mega, na mkono hauwezi kulifinya kwa bahati mbaya.

La sita: modemu iwekwe kama « Connexion limitée ». Windows itajua kwamba mega zetu ni za kuhesabu. Lakini basi mara moja kwa mwezi mashini ipelekwe mahali penye intaneti nzuri, ifanyiwe masasisho yote. Mashini isiyosasishwa ni nyumba ambayo kufuli yake imeoza.

Aksanti. Niko tayari kwa maswali.

Mama mmoja wa likelemba: Mwanangu, mimi sina kompyuta. Lakini simu yangu inaniambia kila siku nimeshinda zawadi. Ni jambo moja?

Jibu: Ndiyo mama, ni ndugu wa tumbo moja. Mara nyingi ni ile ruhusa ya notifikasio niliyoisema. Kijana wako afungue Chrome ya simu, aende kwenye notifikasio, afute kurasa zote zilizoruhusiwa. Kama matangazo yanatokea hata ukiwa haujafungua intaneti, basi ni programu iliyoingia, pengine mchezo ao tochi ambayo mtu alikurushia kutoka simu yake. Itolewe. Na mama, usiandike kamwe namba yako ya siri ya M-Pesa ao ya Airtel Money mahali panaposema umeshinda. Anayekupa zawadi hahitaji ufunguo wa sanduku lako.

Mzee mmoja mshauri: Je, chama kinunue antivirusi ya feza?

Jibu: Mzee, kwa mahitaji yetu ya sasa, naona hapana. Ile ya Windows inatosha kama imewashwa na inasasishwa. Antivirusi mbili kwa mashini moja zinagombana na kuifanya iwe nzito. Feza hiyo afadhali inunue diski ya nje ya pili, ili kopi moja ya karatasi zetu ilale kwenye biro na nyingine ilale nyumba ya mtu mwingine. Moto ao mwizi hautangojea antivirusi.

Kijana mmoja: Kaka, rafiki yangu alinipa ufunguo wa kufungua Office bila kulipa. Inafanya kazi vizuri kabisa. Ubaya uko wapi?

Jibu: Mdogo wangu, kumbuka kile ilichokuomba kabla ya kuingia. Ilikuambia kwanza zima antivirusi, si ndiyo? Mgeni anayekuomba ufukuze mlinzi kabla yeye hajaingia, utamfungulia? Kuna zinazofungua Office kweli, na wakati huo huo zinaacha kitu nyuma kinachokusanya maneno ya siri. Na mbele ya wafadhili, chama kinachoandika raporti kwa programu ya wizi kinajiaibisha. LibreOffice inafungua karatasi zile zile, na haudaiwi na mtu.

Mwisho, neno kwa ninyi wafadhili wetu, na ninalisema kwa heshima. Tunawashukuru kwa kompyuta mlizotupatia. Bila hizo tungekuwa bado na madaftari yanayolowa mvua. Tunaomba mambo matatu. Mashini ya mkono wa pili ikija, ije imefutwa kabisa na iko na Windows ya halali, juu nyingine zinafika zikiwa na programu za mwenyewe wa kwanza, na hatujui tulichopokea. Pili, msaada wa kawaida wa Microsoft kwa Windows 10 uliisha tarehe 14/10/2025, na kompyuta yetu bado iko nayo. Mashini ijayo iwe na nguvu ya kubeba Windows 11. Tatu, katika bajeti ya mwaka wekeni mstari mdogo wa mega za masasisho. Mstari huo ukikosekana, mtu wa biro anazima masasisho ili mega zifike mwisho wa mwezi, na hapo ndipo mlango unabaki wazi.

Na kwenu wanamemba: kuanzia mwezi huu, orodha ya mega zilizotumiwa itabandikwa kwenye ukuta wa biro pamoja na hesabu ya kotizasio, kila programu na kiasi chake. Kila mutu anayepita aisome. Mwenye swali aliulize mbele ya kamati, na siye tutafungua mashini tuangalie pamoja.